Tarehe ya Zahanati na Wenye Dhima Yake

Kwa muda unaokaribia miaka mia, mgonjwa wa kijijini katika nchi iitwayo leo Tanzania Bara ameanza safari yake ya kutafuta siha katika nyumba ndogo ya vyumba viwili au vitatu, yenye meza, kabati la dawa, benchi la kungojea, na mtu mmoja ambaye wenyeji humwita Bwana Mganga kwa staha ileile wanayompa mwalimu wa skuli. Na nyumba hiyo, ambayo haikutiwa katika picha za fahari za tawala zilizopita wala haina jina linalojulikana nje ya tarafa yake, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya uele wa raia. Hospitali kubwa zimepata watu wa kuziandikia. Zahanati imeachwa katika majedwali ya wizara, tarakimu moja chini ya nyingine.

Mipango ya kuipanga upya huduma hii ya mlango wa kwanza imeandikwa mara nyingi tangu zama za Waingereza hata leo, na kila mpango ulikuja na hesabu yake: watu wangapi kwa zahanati moja, mwendo gani kutoka nyumba ya mwisho, vituo vingapi kwa kila wilaya. Hesabu hizo zilikuwa na haki yake, kwani mwenye homa hawezi kutembea kutwa nzima. Lakini katika tarehe ndefu ya zahanati lipo swali ambalo wapangaji waliligusa kwa haraka, nalo ni la dhima: nani humlipa mganga, nani huleta dawa, nani hufika kuitazama kazi yake, na nani huulizwa kabati likiwa tupu. Dhima ilipokuwa wazi na karibu, zahanati ilisimama hata katika ufukara. Na ilipopotea baina ya ofisi na ofisi, zahanati ilidhoofu hata pale ambapo chokaa ya kuta zake ilikuwa bado mbichi.

Katika pwani ya zamani tiba ilikuwa mikononi mwa waganga wa miti shamba, wakunga, na waalimu walioandika kombe, huku dawa za Kihindi na za Kiarabu zikiuzwa madukani Unguja, Mombasa na Bagamoyo. Tiba ya hospitali ilipoingia katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kwa sehemu kubwa iliingia kwa njia ya sadaka. Tharia Topan, tajiri mashuhuri wa Unguja, alianza mwaka 1887 kujenga jumba katika ufuo wa Mizingani kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria katika kiti chake. Akafariki 1891 kabla ya kuliona limekwisha, nalo, baada ya kukamilika 1894 na kununuliwa kwa mali aliyoiacha tajiri mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, likawa zahanati ya hisani, dawa zikitolewa katika orofa ya chini. Ng'ambo ya pili, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyekufa 1897, alitoa mali yake kwa ujenzi wa hospitali ya Dar es Salaam iliyowapokea Waafrika, Wahindi na Waarabu, wakati Wajerumani walijijengea wenyewe hospitali ya Ocean Road, ikitazama bahari na kupungwa na upepo wake. Watu wema hawa wanastahili kukumbukwa kwa heri, na jina la Sewa Haji bado lipo katika jengo moja la Muhimbili. Lakini sadaka ya tajiri wa bandarini hutibu watu wa bandarini. Mtu wa Tunduru, wa Kondoa au wa Kibondo hakuwa na Tharia Topan wake.

Ilikuwa katika miaka ya 1920, baada ya Tanganyika kutoka mikononi mwa Wajerumani na kuwekwa chini ya Waingereza kwa amana ya Shirika la Mataifa, ndipo zahanati ya kijijini ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa sababu za siasa na za fedha kuliko za tiba. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, aliweka utawala wa kupitia machifu, na sheria ya 1926 ikawapa watawala wenyeji mabaraza yao na hazina zao, ambazo zilipata fungu katika kodi iliyokusanywa kwa raia. Palipokuwa na hazina palihitajiwa kazi za kufanywa kwa fedha zile, na idara ya tiba, iliyoongozwa wakati huo na John Shircore, iliona nafasi yake: vijana wachaguliwe na machifu wao, wapelekwe katika hospitali ya wilaya kufunzwa miezi kadhaa, kisha warudi makwao wakiwa madresa, walipwe na hazina ya chifu, nao wakae katika kibanda kilichojengwa kwa nguvu za wenyeji.

Dresa alijua mambo machache, naye aliyafanya mara nyingi sana. Alisafisha donda ndugu na kulifunga. Alitoa kwinini kwa homa, dawa ya minyoo kwa safura, mafuta kwa upele, na maji ya dawa kwa macho. Nje ya hayo alitakiwa amtambue mgonjwa aliyemshinda na kumpeleka hospitali, jambo lililo jepesi kuandikwa katika maagizo na zito kutendwa pale ambapo njia ni ya miguu na mgonjwa hubebwa machelani siku mbili. Lakini kilichompa dresa na serikali iliyomtuma heshima ambayo hotuba hazingeweza kuinunua ni buba. Maradhi hayo yaliyotafuna ngozi na mifupa ya watoto na wakubwa yalikuwa yameenea katika mikoa mingi, na sindano za bizmuthi, zilizokuwa nafuu kuliko zile za arseniki, ziliyakausha madonda kwa siku chache, mbele ya macho ya kila mtu. Watu walitembea mwendo mrefu kuzifuata. Imani ya Mwafrika wa kijijini katika sindano, ambayo madaktari wa baadaye waliilalamikia sana kwa sababu wagonjwa waliidai hata pasipo haja, ilipandwa na ushindi ule, nami sioni aibu yoyote ndani yake: watu waliamini walichokiona.

Tuutazame mpango ule kwa kipimo cha dhima. Dresa aliishi miongoni mwa wale aliowatibu, alisema lugha yao, alizikwa makaburini mwao. Mshahara wake ulitoka katika kodi yao, na chifu aliyemlipa alikuwa umbali wa kuitwa. Ukaribu huo wa dhima ulikuwa na wema wake. Lakini chifu hakuwa tabibu, na daktari wa wilaya, ambaye peke yake angeweza kujua kama dawa imechanganywa sawasawa au kama kijana anachoma sindano kwa kitu kisichochemshwa, alikuwa na hospitali ya kuiendesha, magereza ya kuyakagua, mahakama ya kutolea ushahidi, na wilaya yenye ukubwa wa nchi nzima za Ulaya, hata zahanati nyingi zilimwona kwa nadra. Hivyo dhima ya mshahara ilikuwa karibu na dhima ya ujuzi ilikuwa mbali. Ufa huo ulikuwapo tangu msingi, nao ndio uliorithiwa na kila mpango uliofuata.

Misheni ziliendesha zahanati zao kwa njia nyingine. Leader Stirling, daktari mpasuaji wa Kiingereza, alifika Lulindi, katika nchi ya Masasi, mwaka 1935, akafanya kazi katika hospitali iliyojengwa kwa vitu vinavyopatikana palepale, udongo na nyasi, akawafunza vijana wa Kiafrika kazi ya uuguzi na kutunza zahanati zilizotegemea hospitali ile kwa dawa, kwa mafunzo na kwa kutembelewa. Baadaye akahamia Mnero, karibu na Nachingwea. Kwa misheni, aliyefundisha, aliyelipa na aliyekagua alikuwa mmoja. Zahanati hizo zilikuwa chache, na ziliwekwa palipo na kanisa kuliko palipo na maradhi. Hata hivyo zilionyesha kwamba nyumba ndogo yenye hospitali nyuma yake ni kitu kingine kabisa na nyumba ndogo iliyoachwa peke yake. Mwenyezi Mungu alimjaalia Stirling maisha marefu: akawa mbunge kabla ya uhuru, raia wa Tanzania, na waziri wa afya kuanzia 1975 hadi 1980, yaani katika miaka ileile ambayo zahanati zilikuwa zikiongezeka upesi kuliko wakati wowote.

Baada ya vita vya pili serikali ya kikoloni iliandikiwa mipango ya kuinua idara ya tiba, mmojawapo ukiwa ule wa Eric Pridie wa mwaka 1949, na vituo vya afya vya vijijini, vikubwa kuliko zahanati na vidogo kuliko hospitali, vikaanza kujengwa kimoja kimoja. Fahari ya zama hizo ilikuwa kwingine. Mwaka 1956 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, nayo ndiyo Muhimbili ya leo. Bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, nchi nzima ilikuwa na vituo vya afya 22 tu na zahanati 975. Na Mwalimu Nyerere, hata alipokuwa amestaafu, aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba baada ya miaka 43 Waingereza waliondoka wakiacha madaktari wenyeji 12.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja ripoti ambayo kila aandikaye tarehe hii hawezi kuipita. Mwaka 1964 jopo lililoongozwa na Richard Titmuss, profesa wa London School of Economics, pamoja na Brian Abel-Smith, George Macdonald, Arthur Williams na Christopher Wood, lilitoa rai yake juu ya huduma za afya za Tanganyika. Wazo kuu la ripoti lilikuwa na nasaba ndefu. Mwaka 1920, Lord Dawson wa Penn aliishauri serikali ya Uingereza kwamba madaktari wa familia, waliokuwa kila mmoja katika chumba chake cha kazi, wakusanywe katika vituo vya afya vya mitaa, vituo hivyo viungwe na vingine vikubwa vya mjini, na vyote viegemee hospitali za kufundishia. Waingereza waliusifu mpango ule na hawakuutekeleza; hata Huduma ya Afya ya Taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, madaktari wa familia wengi walibaki walipokuwa. Wazo likapata makazi Afrika kabla ya kupata makazi kwao. Mwaka 1940 Sidney na Emily Kark, mume na mke, wote madaktari, walifungua kituo cha afya Pholela, katika milima ya Natal, wakihesabu nyumba kwa nyumba maradhi na chakula cha wenyeji kabla ya kuandika dawa. Na karibu na Kampala, chuo cha Makerere, kilichowafunza madaktari wengi wa Afrika ya Mashariki, kilikuwa na kituo chake cha Kasangati ambako wanafunzi wa udaktari walipelekwa wakaone kwamba mgonjwa ana nyumba, kisima na jirani.

Titmuss na wenzake walisema kwamba nchi yenye madaktari wachache kiasi kile haiwezi kuzifuata hospitali mpaka vijijini. Basi nguvu iwekwe katika kituo cha afya, kimoja kwa kila watu 50,000, chenye watumishi waliofunzwa vizuri, kinga na tiba zikikaa pamoja, na zahanati zinazokizunguka ziwe chini ya uangalizi wake. Hapo ndipo ninapoiona hekima ya ripoti ile, kuliko katika hesabu ya watu 50,000 ambayo kila mtu aliikariri. Iliutambua ule ufa wa zama za madresa, ikaweka baina ya daktari wa wilaya aliye mbali na mganga aliye peke yake mtu wa tatu, aliye karibu kiasi cha kufika kwa baiskeli na mjuzi kiasi cha kusahihisha. Mpango wa kwanza wa miaka mitano uliikubali rai hiyo. Fedha hazikuikubali kwa wepesi huo, kwa kuwa hospitali zilizokwisha kujengwa zilidai mishahara, dawa na ukarabati kila mwaka, na vituo vya afya vikaongezeka polepole.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liligeuza mwelekeo wa nchi, na mkutano mkuu wa TANU wa 1971 ukaagiza kwamba maji, elimu na afya vya vijijini vitangulizwe. Sipendi kuipita haraka miaka iliyofuata, kwa kuwa vijana wa leo husikia juu yake ama sifa tupu ama lawama tupu. Vyuo vilifunguliwa vya kuwafunza waganga wasaidizi wa vijijini miaka mitatu baada ya shule ya msingi, na matabibu miaka mitatu baada ya kidato cha nne, na wasichana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa miezi 18 kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, hata kliniki ya kupima uzito wa watoto, kuwachanja na kuwaangalia wajawazito ikawa desturi ya nchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja, na walipotoka hapo walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakachemsha maji. China, iliyokuwa imewafunza madaktari wake wa vijijini kwa maelfu, ilileta timu za waganga Unguja tangu 1964 na Bara tangu 1968. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilipotoa kitabu cha mifano ya nchi zilizotafuta njia mpya, sura ya Tanzania iliandikwa na Watanzania wenyewe, Wilbert Chagula na Eleuther Tarimo. Na mataifa yalipokutana Alma-Ata Septemba 1978 kutangaza huduma ya msingi ya afya kwa wote, mengi yaliyotangazwa pale yalikuwa yamekwisha kujaribiwa Dodoma na Songea. Kufika 1980 vituo vya afya vilipita 200, na zahanati zikapita 2,500.

Unguja na Pemba, zilizofanya tiba kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, zilitangulia katika jambo la mwendo, maana visiwa vidogo vyenye vituo vilivyotawanywa vizuri vilimweka karibu kila mtu ndani ya kilomita 5 za mahali pa kutibiwa.

Huko Bara, katika miaka hiyohiyo ya neema, dhima ilihamishwa kimyakimya. Mwaka 1972 serikali, ikiwa imeshauriwa na kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilivunja halmashauri za wilaya na kuziweka kazi zake chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya walioteuliwa na serikali kuu. Hatua hiyo iliitwa madaraka mikoani, na nia yake ilikuwa kuisogeza serikali kwa wananchi. Lakini zahanati, ambayo tangu siku za hazina za machifu ilikuwa mali ya chombo cha wenyeji, kikiwa kibovu au kizuri, ilipoteza mwenyewe. Wanakijiji waliofyatua matofali ya kuijenga hawakuwa na baraza la kumwita mtu na kumhoji. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984, nazo zilirudi zikiwa maskini, katika nchi iliyotoka katika vita vya Kagera, iliyobanwa na bei ya mafuta, isiyo na fedha za kigeni za kununulia dawa.

Wanaokumbuka zahanati za wakati huo hukumbuka kabati tupu. Mganga aliandika cheti, mgonjwa akaenda kutafuta dawa asikojua, na mganga mwenyewe, ambaye mshahara wake ulikuwa umeliwa na bei za vitu, alilima shamba lake asubuhi kabla ya kufungua mlango. Tangu 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, yalianza kuletwa maboksi ya dawa za lazima, yaliyosambazwa kila mwezi mpaka zahanati ya mwisho, na hapana shaka maboksi hayo yaliokoa roho nyingi. Lakini boksi lilikuwa moja kwa wote. Zahanati ya bonde lenye malaria na zahanati ya nyanda za baridi zilipokea dawa zilezile kwa idadi ileile, ya kwanza ikimaliza klorokwini katika wiki mbili, ya pili ikiirundika mpaka ikapita muda wake. Na mganga, aliyejua vema kinachougua kijiji chake, hakuulizwa. Ilichukua miaka mingi, na kuanzishwa kwa Bohari ya Dawa kwa sheria ya 1993, hata zahanati zikaanza kuagiza zenyewe zinachohitaji.

Mwaka huohuo wa 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali, na mwaka 1996, Igunga, mkoani Tabora, ukajaribiwa mfuko wa afya ya jamii: kaya ikatoa shilingi 5,000 kwa mwaka ikatibiwa kwa kadi, na serikali ikaongeza fedha sawa na zilizochangwa, mtindo ulioitwa tele kwa tele. Sheria ya 2001 iliueneza mfuko huo nchini. Wengi hawakujiunga, na sababu yake ilielezwa na wanakijiji wenyewe kwa maneno ambayo hayahitaji mtaalamu wa kuyafasiri: kwa nini alipe kabla mtu ambaye hana hakika ya kuikuta dawa?

Hapa nafika kwenye sura ninayoipenda kuliko zote katika tarehe hii, nayo ni fupi na haijulikani inavyostahili. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada ilifanya jaribio. Halmashauri zilipewa nyongeza ndogo ya fedha, isiyozidi dola 2 kwa mtu kwa mwaka, na pamoja nayo zikapewa kitu ambacho hakuna dresa wala chifu wala mkurugenzi aliyewahi kupewa: hesabu ya vifo vya watu wao wenyewe, iliyokusanywa nyumba kwa nyumba, ikionyesha maradhi gani yanaua zaidi na bajeti inakwenda wapi. Waganga wakuu wa wilaya waliona wazi kwamba malaria na maradhi ya watoto yaliua wengi na kupewa kidogo, wakageuza mafungu. Kisha wakafanya jambo la pili, lililoishi katika karatasi za Titmuss kwa zaidi ya miaka 30: wakakipa kila kituo cha afya dhima ya zahanati zinazokizunguka, mtumishi wake akazizungukia kwa pikipiki, akipeleka dawa, akichukua takwimu, akiketi na mganga kutazama wagonjwa pamoja. Vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Vyandarua na dawa mpya vilikuwa na sehemu yao, na hali ya nchi ilikuwa inatengenea kwa jumla. Lakini mimi siwezi kuitazama tarakimu hiyo bila kuona ndani yake mtu juu ya pikipiki, anayejulikana kwa jina, ambaye akikosa kufika Jumatatu ataulizwa Jumanne.

Mpango uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi kwa kipimo cha ramani. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, uliahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Wanakijiji walichanga, wakasomba mawe na mchanga, kuta zikainuka. Na mahali pengi kuta zilibaki maboma kwa miaka, bila bati, bila tabibu, kwa kuwa idadi ya majengo ilisisitizwa na wengi na ya watumishi ikasisitizwa na wachache. Jambo dogo lililofanywa tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 huenda likawa na matokeo makubwa kuliko maboma yote: fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila zahanati na kituo, zikitumiwa kwa idhini ya kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kwa mara ya kwanza tangu hazina za machifu, nyumba ile ndogo ina mfuko wake, na wenyeji wana viti katika meza inayoamua matumizi. Na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inakuja na mpango mwingine tena wa kuipanga huduma ya kwanza, ikiwa na vifurushi vyake, michango yake na mikataba yake.

Kwa hiyo namwomba msomaji aliye mjumbe wa kamati ya zahanati, au aliye na ndugu katika kamati hiyo, asilihesabu jambo hili kuwa la wataalamu wa Dodoma. Nenda mkutanoni. Omba daftari la dawa lisomwe kwa sauti, na taarifa ya benki kando yake. Uliza ni lini mtumishi wa kituo cha afya alifika mara ya mwisho na aliandika nini katika kitabu cha wageni. Na jibu lisipokuwapo, liandikwe katika muhtasari kwamba halikuwapo, na muhtasari upelekwe kwa diwani akiwa anaiomba kura yako.